Nyandwi na Minani: majina ya watoto wa kiume wa pwani ya Rumonge, na tunachojifunza kwa Waparsi

Ndugu zetu vijana, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo tunaongea kuhusu majina. Si majina ya watu wakubwa peke yake. Majina tuliyopewa sisi, tukiwa bado tumefungwa kwenye kitenge cha mama.

Tuanze na jambo lililowapata vijana wawili wa kwetu. Ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, wametoka upande wa Rumonge, wamevuka ziwa usiku. Majina yao ya ubatizo tunayaacha. Mkubwa ni Nyandwi, mdogo ni Minani. Walipofika kwenye meza ya kuandikishwa, mambo yalikwenda hivi:

"Jina la ukoo?"

"Nyandwi, dada."

"Na huyu?"

"Minani."

"Mbona hayafanani? Si umesema ni mdogo wako?"

"Ni mdogo wangu kabisa, dada. Tumenyonya ziwa moja."

Dada aliyekuwa anaandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, mstari nyuma ulikuwa mrefu, na fomu yake ilisema ndugu wana jina moja. Basi kila mmoja akapata karatasi yake. Minani, ambaye alikuwa bado mtoto, akaandikwa kuwa amekuja peke yake bila ndugu. Wakapelekwa sehemu mbili tofauti. Kurekebisha kosa hilo kulichukua miezi, na kila mara waliulizwa swali lilelile: mna ushahidi gani kwamba nyinyi ni ndugu?

Jamani, ushahidi ulikuwa umeandikwa pale pale kwenye fomu. Kirundi kinahesabu hivi: saba ni indwi, nane ni umunani. Nyandwi ni mtoto wa saba. Minani ni mtoto wa nane. Mama yeyote anayeuza ndagala pale sokoni Rumonge angeyasikia hayo majina mawili na kusema: huyu kamfuata huyu. Wao walidaiwa ushahidi wakati wanautamka kwa mdomo wao.

Ndo maana tumeandika hii. Majina ya kwetu yanabeba habari, na asiyejua kuyasoma anaweza kutenganisha watoto bila kukusudia.

Jina la Kirundi ni sentensi

Kwa desturi ya Burundi, mtoto harithi jina la baba. Kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe la Kirundi, halafu anapata jina la dini. Baba anaweza kuwa Ndayizeye, mama Nshimirimana, watoto Hakizimana, Niyonzima na Nyandwi, na wote wanakula sahani moja. Siku hizi wapo wazazi, hasa wa mjini, wanaowapa watoto jina la baba ili karatasi zifanane. Lakini familia nyingi za pwani yetu bado zinafuata njia ya zamani.

Na jina lenyewe mara nyingi ni sentensi nzima. Ukijua kwamba Imana ni Mungu, na ukiwa unasikia Kiswahili, mengi utayaelewa:

– Hakizimana: anayeponya ni Mungu.
– Harerimana: anayelea ni Mungu. Kurera ya Kirundi ndo kulea ya Kiswahili.
– Nshimirimana: namshukuru Mungu.
– Nduwimana: mimi ni wa Mungu.
– Ntakirutimana: hakuna kinachompita Mungu.
– Ndayizeye: namtumaini Yeye.
– Niyonzima: Yeye ndiye mzima.
– Mbonimpa: naona ananipa.
– Ndihokubwayo: nipo kwa sababu yake.

Katika manne ya mwisho neno Imana halipo, lakini kila Mrundi anajua anayesemwa ni nani. Wanamichezo wetu wameyapeleka majina haya mbali. Mwaka 1996 kule Atlanta, kijana wa Vugizo, mkoa wa Makamba wa wakati ule, alishinda mbio za mita 5,000 na kuipa Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, na ilikuwa ya dhahabu. Jina lake Vénuste Niyongabo. Yaani dunia nzima ilitangaziwa siku ile: Yeye ndiye ngao. Na wapenzi wa mpira wa Tanzania wanamkumbuka kocha Etienne Ndayiragije, aliyefundisha Taifa Stars. Kuragira kwa Kirundi ni kuchunga mifugo, na kuragiza ni kumkabidhi mtu mwingine akuchungie. Ndayiragije maana yake ni nimemkabidhi Mungu. Mzazi anayetoa jina hilo anasema: huyu mtoto mimi sitaweza kumlinda mwenyewe, mchungaji wake ni mwingine.

Kitu kingine ambacho kinawachanganya wageni: mengi ya majina haya si ya kiume wala ya kike. Niyonzima anaweza kuwa kaka au dada. Ukitaka kujua, unaangalia jina la dini, au unauliza. Na hayaonyeshi kabila pia. Wahutu, Watutsi na Watwa wanaongea Kirundi kimoja na wanamuomba Imana mmoja, kwa hiyo majina wanayachota kisima kimoja.

Majina yanayojibu majirani

Si majina yote yanaongea na Mungu. Mengine yanaongea na mtu wa nyumba ya pili. Zamani mzazi aliyekuwa na ugomvi na jirani au ndugu hakuwa lazima agombane barabarani. Alimpa mtoto jina. Kila jioni mtoto akiitwa aje kula, ujumbe unavuka uzio.

Baranyanka: wananichukia. Ni jina la chifu mmoja maarufu wa wakati wa Wabelgiji, Pierre Baranyanka. Barutwanayo: wanapitwa na Yeye, yaani hata wawe na nguvu vipi, Mungu anawazidi. Sindayigaya: simlaumu Yeye. Hilo la mwisho linasema nyumba ilipata pigo, lakini mwenye nyumba amekataa kumlaumu Mungu. Na mashabiki wa Yanga na Simba wamelipigia kelele jina la Saido Ntibazonkiza bila kujua wanatamka nini: hawataniokoa. Nani hawataokoa? Mzazi aliyetoa jina la namna hiyo ndiye anajua. Lakini unasikia kwamba kuna watu alikuwa hawategemei tena.

Profesa wa kwetu, Philippe Ntahombaye, alitoa mwaka 1983 kitabu kizima kwa Kifaransa kuhusu majina ya Burundi, kuonyesha jinsi yanavyohifadhi mahusiano ya watu. Bibi zetu hawajakisoma, lakini ukikaa nao usiku wakati umeme hakuna, watakueleza kitu kilekile: huyu alizaliwa wakati babako hana kazi, huyu alizaliwa tulipogombana na shangazi yako, huyu alizaliwa baada ya mwenzake kufariki.

Majina ya kuhesabu, na majina ya wafalme

Tumeshawajua Nyandwi na Minani. Wa tisa ni Nyabenda, maana tisa kwa Kirundi ni icenda, kama kenda ya Kiswahili cha wazee. Wa kumi ni Bucumi. Mapacha wana majina yao: wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, yaani mkubwa na mdogo. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Ciza. Kwa hiyo ukimkuta Butoyi peke yake kwenye orodha ya wakimbizi, uliza kwa upole: Bukuru yuko wapi? Yupo, au alikuwepo. Hilo swali moja linaweza kumrudisha mtu kwa pacha wake. Linaweza pia kumliza, ndo maana tunasema kwa upole.

Wafalme nao walikuwa na majina ya kupokezana, manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Ntare ni simba. Mwezi ni mwezi huohuo wa angani. Mutaga ni mchana. Mwambutsa linatoka kwenye kwambutsa, kuvusha, kumfikisha mtu ng'ambo. Mwambutsa wa nne alipewa ufalme akiwa mtoto mdogo mwaka 1915, akaondolewa mwaka 1966, akafariki mwaka 1977 ugenini, Uswisi. Aliyeitwa mvushaji hakuvuka kurudi nyumbani. Aliyemwondoa alikuwa mwanawe, Charles Ndizeye, kijana aliyeacha jina lake la "nina tumaini" akaitwa Ntare wa tano. Miaka sita haikuisha, akauawa. Tutafika kwenye mwaka huo.

Ziwa lilileta majina mengine

Rumonge si Kirundi peke yake. Misafara ya biashara ilitoka Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na kutoka Ujiji mashua zikapanda ziwa kwenda kaskazini. Katika karne ya 19 njia hiyo ilileta nguo, chumvi, bunduki, na pia mateso ya utumwa, tusifiche. Ilileta Kiswahili na Uislamu. Ndo maana mpaka leo Rumonge na Buyenzi kule Bujumbura ni mahali ambapo mtoto anaweza kuanza kuongea kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine.

Majina ya kiume yaliyokuja na njia hiyo mengi ni kalenda. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi aliyozaliwa mtoto. Juma kazaliwa Ijumaa, Hamisi kazaliwa Alhamisi. Babu alikuwa hana cheti cha kuzaliwa, lakini jina lake lilimwambia kila mtu alizaliwa mwezi gani au siku gani.

Halafu Wazungu wakagawana ziwa, na tahajia ikagawanyika nalo. Upande wa Burundi na Kongo tukaandika Kifaransa: Djuma, Radjabu, Moussa. Upande wa Kigoma wakaandika Juma, Rajabu, Musa. Kwa hiyo kijana mmoja, aliyezaliwa Ijumaa moja, akivuka na mtumbwi anakuwa watu wawili kwenye kompyuta. Tunacheka, lakini wapo waliokosa mgao kwa sababu ya hiyo D.

Majina ya Kikristo nayo yana historia ya pale pale. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, wakiwa wa kwanza kufungua misheni Burundi. Mwaka 1881 wamisionari watatu waliuawa huko, na misheni ikafungwa. Baadaye dini ilirudi kwa njia nyingine, na leo kila darasa lina Fabrice, Espoir, Dieudonné. Kumbuka huyu Dieudonné, maana yake Mungu ametoa. Tutamkuta tena mbele kwa lugha nyingine.

Na ng'ambo, upande wa Uvira, Baraka na Fizi, wenzetu Wakongo wana majina ya Kiswahili safi: Bahati, Amani, Shukuru, Riziki, na hata Mateso na Vita. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwalazimisha raia wa Zaire kuacha majina ya Kizungu na kuchukua ya Kiafrika. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Mpaka leo Mkongo anaandika majina matatu: la kwanza, la kati, na la dini lililorudi baadaye. Mtanzania naye ana matatu, lakini yake ni lake, la baba na la babu. Mrundi ana mawili. Sasa waweke hao watatu kwenye fomu moja iliyotengenezwa Ulaya uone.

Mwaka 1972 upande wetu

Wakati ng'ambo serikali inabadilisha majina, upande wetu majina yaliitwa ili wenye majina wafe. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Waasi waliua Watutsi wengi, na siku hiyohiyo Ntare wa tano aliuawa Gitega. Kilichofuata ni jeshi na serikali kuwaua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa serikali. Watu wengi waliitwa kwa orodha. Unasikia jina lako, unapanda gari, hurudi. Makadirio ya waliouawa ni kati ya watu 100,000 na 300,000. Wengine kwa maelfu mengi walivuka kwenda Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo.

Wazazi wengine baada ya hapo waliogopa jina. Waliona kwamba jina likijulikana sana linaua. Wapo waliojiita kwa jina la dini tu, wapo waliochukua majina ya Kitanzania wasitambulike. Hatuwalaumu. Walikuwa wanaokoa watoto.

Lakini waliporudi, hasa kuanzia mwaka 2008, jina likawa kitu cha thamani tena. Mashamba ya michikichi ya Rumonge na Nyanza-Lac yalikuwa mikononi mwa wengine. Mtu aliyezaliwa Katumba alitakiwa aeleze: wewe ni mtoto wa nani, babako alikuwa jirani ya nani, shamba liliitwaje. Aliyekuwa amefundishwa majina ya babu na majirani alikuwa na pa kuanzia. Aliyepotezewa majina alianza na mikono mitupu.

Mwaka 2015 tulikimbia tena. Maelfu tulijazana Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji, tukisubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma, halafu Nyarugusu. Wengine walikwenda Lusenda, Kongo. Na Januari 2018 mtumbwi uligeuka: maelfu ya Wakongo kutoka Fizi walikimbilia kwetu, wengi wakishukia Rumonge. Ziwa ni lilelile, watu wanapishana.

Wengine waliokimbia kwa mashua na majina yao

Sasa tuwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi. Kuna watu waliowahi kupitia njia hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wanaitwa Waparsi.

Walikuwa watu wa Uajemi, ambayo leo ni Iran, wafuasi wa dini ya Zarathustra, wanaosali mbele ya moto. Baada ya Waarabu kuishinda Uajemi katika karne ya 7, baadhi yao hatimaye walipanda mashua wakaenda Gujarat, India. Masimulizi yao yaliandikwa kwa mashairi mnamo mwaka 1600 na kasisi wao Bahman Kaikobad. Yanasema walishuka mahali panapoitwa Sanjan, na mfalme wa pale akawapa masharti: waongee lugha ya wenyeji, wanawake wavae nguo za wenyeji, waweke silaha chini. Wakakubali yote.

Katika masharti hayo hakuna la kubadilisha majina. Lugha ya nyumbani ikawa Kigujarati. Chakula kikawa cha India. Wengine waliongeza "ji" ya heshima mwishoni mwa jina, na wengine walichukua majina ya Kigujarati kabisa. Lakini mpaka leo watoto wao wa kiume wengi wanaitwa kama wafalme na mashujaa wa nchi ambayo familia iliiacha zaidi ya miaka elfu iliyopita:

– Khurshed: jua.
– Firoz: mshindi.
– Behram: ushindi, na pia jina la daraja la juu la moto wao mtakatifu.
– Ardeshir: anayetawala kwa haki. Wafalme kadhaa waliitwa hivyo.
– Darius: anayeshika jema kwa nguvu.
– Rustam: shujaa mkubwa wa hadithi zao.
– Navroz: siku mpya, yaani mwaka mpya. Kiswahili cha pwani kina neno hilohilo, Nairuzi.
– Khodadad: Mungu ametoa. Dieudonné huyo! Na Mbonimpa yuko karibu naye sana.
– Farrokh: mwenye bahati.

Na hata neno "bahati" lenyewe lilianza kama neno la Kiajemi, likapita kwa Waarabu, likafika pwani, likapanda na misafara. Mtoto aliyezaliwa leo Baraka akaitwa Bahati, jina lake limetembea kuliko sisi wote.

Mwanzoni Waparsi walikuwa kama sisi. Mtu alikuwa na jina lake na jina la baba, basi. Waingereza walipotawala India na kudai jina la ukoo, wengi walichukua jina la kazi au la mji. Ndo maana kuna familia zinaitwa Engineer, Contractor, Doctor. Familia ya Bulsara ni ya mji wa Bulsar. Na yale malori ya Tata mnayoyaona barabarani: kundi la kampuni za Tata lilianzishwa na Mparsi, Jamsetji Tata, aliyezaliwa mwaka 1839. Jamsetji ni Jamshed na ile "ji" ya heshima.

Waparsi walifika mpaka Zanzibar, wakafanya kazi za serikali na biashara, wakajenga nyumba yao ya moto. Tarehe 5 Septemba 1946, katika hospitali ya serikali ya Zanzibar, alizaliwa mtoto wa kiume wa mfanyakazi wa serikali, Bomi Bulsara. Wakamwita Farrokh. Akasomeshwa India, kule shuleni wenzake wakamwita Freddie. Akarudi Zanzibar mwaka 1963. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea, sultani akakimbilia Uingereza. Na sultani huyo, Mwarabu na Mwislamu, alikuwa na jina la mfalme wa Uajemi: Jamshid bin Abdullah. Mwaka huohuo familia ya Bulsara nayo ikakimbilia Uingereza. Kwa hiyo mwenye jina la kifalme na mwenye jina la bahati walikimbia kisiwa kimoja mwaka mmoja, wakaanza upya nchi moja.

Farrokh ndiye dunia inamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Jina la Mercury alijichagulia mwenyewe akiwa mtu mzima. Sisi hatuna neno juu ya hilo, mtu ana haki ya kujiita anavyotaka. Alipofariki mwaka 1991, makasisi wa dini ya wazazi wake ndio walioongoza mazishi.

Kwa nini tumewaletea habari hii ndefu? Kwa sababu Waparsi ni wachache sana. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliwahesabu 57,264. Kuna kambi za wakimbizi zilizowahi kuwa na watu wengi kuliko hao. Na bado, baada ya safari zote hizo, mtoto wao akiulizwa jina lako lina maana gani, anajibu. Walikubali kubadilisha lugha na nguo. Jina walilishika, na wakawaambia watoto maana yake. Wazazi wetu nao walishika majina. Sehemu ya pili, ya kuwaambia watoto maana, ndiyo inatupotea sisi.

Tunachoomba

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, mambo manne. Kwanza, ndugu wa Kirundi kuwa na majina tofauti ni kawaida, si uongo. Msiwatenganishe kwa sababu hiyo. Pili, andikeni jina zima kama mwenyewe anavyoliandika. Mkikata Ntakirutimana ili litoshe kwenye fomu, mnaweza kubaki na "hakuna kinachompita" bila Mungu. Tatu, mwacheni Djuma awe Djuma, na kwenye maelezo mwandike kwamba Juma wa kule ndiye huyuhuyu. Nne, ulizeni maana. Inachukua dakika moja, na mtu aliyeulizwa maana ya jina lake anakaa sawasawa kwenye kiti.

Kwetu vijana, moja tu. Wengi wetu tunajiita Prince, Junior, Boss, na jina la Kirundi tunalificha kama kiatu kilichotoboka. Jiite Prince, sawa. Lakini leo jioni muulize mama au bibi: kwa nini mliniita hivi? Nani alichagua? Kulikuwa kunatokea nini nyumbani? Ukipata jibu liandike, hata kwenye simu, na uandike pia majina ya babu zako na kilima walichotoka. Wazee wetu wanaondoka, na hakuna fomu inayouliza hayo.

Nyandwi na Minani siku hizi wako pamoja, wanauza chapati. Juzi mtu aliwauliza tena mbona majina hayafanani. Minani akamuonyesha vidole vinane, kaka yake saba. Wakaendelea kukaanga.